Seva haikujui wewe, inajua beji uliyovaa

Simu iliingia asubuhi, wakati maduka yanafunguliwa. Mteja wetu mmoja, mzee anayeuza spea za malori Shimanzi, alikuwa na mnunuzi mbele yake: dereva wa lori aliyetaka klachi kabla hajaondoka na mzigo kwenda bara. Bei walikuwa wameshakubaliana, shilingi 38,500. Mzee akafungua ukurasa wetu wa wafanyabiashara kwenye kompyuta ya duka, akaandika namba ya simu ya dereva na kiasi cha pesa. Ilibaki kubonyeza kitufe kimoja tu ili ombi la malipo litokee kwenye simu ya dereva, atie PIN, mambo yaishe.

Ndipo mzee akatupia jicho pembe ya juu ya ukurasa. Jina la biashara halikuwa lake.

"Mwanangu, hebu nisikize," alimwambia mwenzetu wa huduma kwa wateja. "Hapa naona jina la jirani yangu. Salio nalo si langu. Kwani nyinyi mumetuchanganya?"

"Pole mzee wangu. Usibonyeze kitu kwanza. Hiyo kompyuta unaitumia peke yako, ama kuna mwengine?"

Kukawa kimya kidogo. "Jirani alikuwa hapa sasa hivi. Kwake stima imepotea, akaniomba aangalie kama malipo yake yameingia."

"Alipomaliza alitoka kwenye akaunti, ama alifunga ukurasa tu?"

"Alifunga tu, akashukuru, akaenda zake."

Basi hapo ndipo penye jambo. Lau mzee angebonyeza kile kitufe, pesa za dereva zingeingia kwenye till ya jirani. Jirani ni mtu mwema, angerudisha. Lakini kurudisha pesa kuna mzunguko wake, na si kila mara aliye upande wa pili huwa jirani mwema.

Mzee alituuliza swali zuri kabla hajakata simu: "Sasa huo ukurasa ulidhani mimi ni yeye kwa sababu gani?" Makala haya ni jibu lake. Tumeyaandikia watu wa aina mbili: wewe unayetumia kurasa kama zetu kupokea na kuangalia pesa, na wewe mfanyabiashara uliyetengenezewa tovuti yako na fundi, inayopokea malipo ya simu. Wote wawili mnahitaji kujua vile seva inavyobeba habari za kila mtu kutoka ukurasa mmoja hadi mwengine, na mahali ambapo mzigo huo unaweza kudondoka.

Seva ni msahaulifu

Ukibonyeza kitu kwenye ukurasa, brauza yako, iwe ni Chrome, Firefox ama ile iliyokuja na simu, hutuma ombi kwa seva. Seva ni kompyuta yetu inayokaa ikisubiri maombi ya wateja. Inapokea ombi, inakutengenezea ukurasa, inakutumia. Baada ya hapo, kwake yeye mazungumzo yameisha. Ukibonyeza tena sekunde mbili baadaye, wewe ni mgeni kabisa.

Hii si kasoro. Ndivyo wavuti ilivyopangwa tangu Tim Berners-Lee alipoianzisha kwenye kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi, kati ya 1989 na 1991. Lengo lilikuwa watafiti wasomeane hati. Mtu anayesoma hati hana haja ya kukumbukwa, na seva isiyomkumbuka mtu inaweza kuhudumia watu wengi bila kuelemewa.

Shida ilikuja biashara zilipoingia. Ukichagua bidhaa ukurasa wa kwanza, ukiandika anwani ukurasa wa pili, ukilipa ukurasa wa tatu, lazima kuwe na kitu kinachosema kwamba huyu wa tatu ndiye yule wa kwanza. La sivyo ungetakiwa kuandika jina na paswedi kila unapobonyeza.

Beji ya getini

Kama umewahi kuingia kwenye godauni la Shimanzi, unaujua utaratibu wa geti. Unafika, soja anachukua kitambulisho chako, anaandika kwenye kitabu: jina, namba ya gari, unaenda kumwona nani, umeingia saa ngapi. Kisha anakupa beji yenye namba, tuseme 17. Ukishapita, hakuna anayekuuliza jina. Wanatazama beji. Akitokea mtu anataka kujua zaidi, anarudi kwenye kitabu, anatafuta mstari wa 17, anaona kila kitu.

Seva hufanya vivyo hivyo. Unapoingia kwenye akaunti, paswedi yako ndiyo kitambulisho. Seva ikiridhika, inafungua mstari mpya kwenye kitabu chake, inaandika wewe ni nani, una ruhusa gani, umeingia saa ngapi. Mstari huo mafundi huuita seshoni. Kisha inakupa beji: namba ndefu ya herufi na tarakimu zisizoweza kubahatishwa. Brauza yako inaihifadhi beji hiyo, na kila unapobonyeza kitu inaionyesha yenyewe bila wewe kuiona. Seva inasoma namba, inafungua kitabu, inajua ni wewe, inakutolea ukurasa wenye jina lako na salio lako.

Hicho kinachohifadhiwa na brauza kinaitwa kuki. Kilibuniwa 1994 na Lou Montulli, fundi wa kampuni ya Netscape ya Marekani, na sababu yake ilikuwa duka: mteja wao alitaka kapu la manunuzi ambalo halilazimishi seva zake kubeba habari za kila mnunuzi ambaye hajamaliza kununua. Hadi leo ukifungua mipangilio ya brauza utazikuta beji hizi zimeandikwa majina. Tovuti zilizojengwa kwa PHP huita yao PHPSESSID, na zile za Java huita JSESSIONID.

Kuna mambo mawili ya kushika hapa, na mengine yote kwenye makala haya yanatoka kwayo.

La kwanza, habari zako haziko kwenye beji. Ziko kwenye kitabu, upande wa seva. Beji ni namba tu.

La pili, soja hajui sura yako. Ukimpa mwenzako beji 17, huko ndani mwenzako ni wewe.

Hilo la pili ndilo lililomkuta mzee wetu. Jirani aliingia kwa paswedi yake mwenyewe, brauza ya dukani ikapewa beji yake. Alipofunga ukurasa, beji ilibaki mezani. Mzee alipofungua tovuti yetu, brauza ikaonyesha beji ile ile, na seva ikasema karibu, jirani. Seva haikukosea hesabu. Beji ilikuwa halali, aliyeishika ndiye aliyebadilika.

Kwa hivyo kufunga ukurasa si kurudisha beji. Hata kufunga brauza nzima wakati mwengine hakutoshi, kwa sababu brauza nyingi za siku hizi zinaweza kuwekwa ziendelee pale ulipoachia, na beji hurudi nazo. Kinachorudisha beji ni kile kitufe cha kutoka kwenye akaunti. Ukikibonyeza, seva inafuta mstari wako kitabuni. Hata mtu akibaki na namba ile, haifungui tena kitu.

Habari zako zibebwe wapi?

Sasa tuzungumze na wewe mwenye tovuti. Fundi wako ana njia kadhaa za kubeba habari za mteja kutoka msimbo wa seva hadi kwenye ukurasa na kurudi. Zote zinafanya kazi, lakini si zote zinafaa kwa pesa.

Njia ya kwanza ni kuziandika ndani ya ukurasa wenyewe, kwenye sehemu iliyofichwa isiyoonekana kwenye skrini. Mteja anapobonyeza lipa, zinarudi kwa seva. Ubaya wake ni kwamba ukurasa ukishafika kwa mteja ni mali yake. Kufichwa machoni si kufungiwa. Mtu mwenye ujuzi kidogo anaweza kuifungua sehemu ile, pale palipoandikwa 38,500 akaandika 385, kisha akabonyeza. Kama seva inaamini bei iliyorudi na ukurasa, umeuza klachi kwa bei ya chai na mahamri. Bei lazima isomwe upande wa seva, kila mara, kwa kutumia namba ya bidhaa.

Njia ya pili ni kuziweka kwenye linki. Umewahi kuona linki ndefu ina alama ya kuuliza na namba nyingi nyuma yake. Kwa kutafuta bidhaa ni sawa. Kwa beji ni hatari, maana watu hutumiana linki kwenye WhatsApp. Mteja anamtumia rafiki yake linki ya risiti, kumbe amemtumia na beji yake. Na kama linki inaishia kwa namba ya oda, tuseme 1042, mtu akaandika 1043 akaona oda ya mtu mwengine, ujue seva haikutazama kitabu kabisa. Ilipaswa kujiuliza: hii oda 1043 ni ya mwenye beji hii?

Njia ya tatu ni ile tuliyoieleza: beji kwa mteja, habari kitabuni. Hii ndiyo tunayoitumia sisi, na ndiyo tunayoipendekeza kwa chochote kinachogusa pesa.

Huenda unajiuliza, na zile menyu za nyota na reli je, kama *334# ya M-PESA? Nazo zina beji yake. Mtandao wa simu hufungua seshoni kwa kila anayepiga, na seva inayojibu huletewa namba ya seshoni pamoja na namba ya simu ya mpigaji. Kampuni ya Africa's Talking ya Nairobi, inayowawezesha mafundi kutengeneza menyu kama hizi, huongeza na kitu cha tatu: kila ulichojibu tangu mwanzo, kimeunganishwa kwa nyota. Ukichagua 1, kisha 2, kisha ukaandika 500, seva inaletewa 1*2*500. Ni kama mgeni anayerudia hadithi yake yote kila anapofika kwenye mlango mpya. Seva ikijibu kwa neno CON, mazungumzo yanaendelea. Ikijibu END, yamekatika. Na mtandao hausubiri sana. Ukichelewa kujibu, seshoni hufa, ndiyo maana huanza tena mwanzo.

Ubao wa pamoja: kosa linalotisha zaidi

Kosa la jirani ni la mezani, na dawa yake ni kitufe. Lakini kuna kosa jengine linalotokea ndani ya seva yenyewe, ambalo wewe mteja huwezi kulizuia. Fundi ndiye mwenye dhamana.

Turudi getini. Badala ya kuandika kila mgeni kwenye mstari wake, soja mvivu anaweka ubao mmoja ukutani na kuandika: "Mgeni aliyeko: fulani." Mgeni akiwa mmoja, hakuna tatizo. Anapoingia wa pili, soja anafuta na kuandika jina jipya. Sasa yule wa kwanza, ambaye bado yuko ndani, akiulizwa yeye ni nani, watu wanasoma ubao na kumwita kwa jina la mwenzake.

Kwenye msimbo wa seva kosa hili ni rahisi kuliko unavyodhani. Kuna mahali pa kuhifadhi panapokuwa pa mtu mmoja tu, yaani seshoni, na kuna mahali panapotumiwa na watu wote wanaotembelea tovuti kwa wakati ule. Fundi akiweka jina la mteja ama kapu lake pale pa watu wote, kila kitu kinaenda vizuri siku ya majaribio, kwa sababu anajaribu peke yake. Siku ya kwanza ya wateja wengi, watu wanaanza kuona majina ya wenzao. Anajaribu tena usiku akiwa peke yake, haoni kasoro. Ndiyo maana tunasema: tovuti ya malipo isijaribiwe na mtu mmoja. Chukueni simu tatu, akaunti tatu tofauti, muingie kwa pamoja, mbonyeze ovyo, kila mmoja aangalie kama bado anaona jina lake.

Msidhani ni makosa ya wanafunzi tu. Tarehe 25 Desemba 2015, duka la michezo ya kompyuta la Steam lilianza kuwaonyesha wateja kurasa za watu wengine. Kulikuwa na mashambulizi ya mtandao, na katika kujihami, mipangilio ya kuhifadhi nakala za kurasa ili zitolewe haraka iliwekwa vibaya. Ukurasa uliotengenezwa kwa mtu mmoja ukahifadhiwa na kupewa mwengine. Kampuni ya Valve, yenye duka hilo, ilisema wateja wapatao 34,000 waliathirika. Tarehe 20 Machi 2023, OpenAI ilizima ChatGPT kwa muda baada ya baadhi ya watu kuona vichwa vya mazungumzo ya wengine. Chanzo kilikuwa hitilafu kwenye programu iliyounganisha seva na ghala lake la kumbukumbu: jibu la mtu mmoja likapewa mwengine. Katika saa tisa za hitilafu ile, habari za malipo za asilimia 1.2 ya wateja wa kulipia waliokuwa wakitumia huduma huenda zilionekana na wengine.

Ukitazama vizuri, kesi zote mbili ni za aina moja. Kitu kilichotengenezwa kwa mwenye beji 17 kimewekwa mahali ambapo mwenye beji 18 naye anachota.

Malipo huingia kwa geti la nyuma

Hapa ndipo tovuti nyingi za wafanyabiashara huteleza, hata zile zenye seshoni nzuri.

Mteja yuko kwenye ukurasa wako, ana beji yake. Anabonyeza lipa. Seva yako inatuma ombi kwa kampuni ya malipo, na simu ya mteja inalia ikimtaka PIN. Anatia PIN. Sasa taarifa kwamba amelipa inakuja kwako kutoka wapi? Haitoki kwa brauza ya mteja. Inatoka kwa seva ya kampuni ya malipo moja kwa moja hadi kwa seva yako. Imeingia kwa geti la nyuma, na haina beji ya mteja. Ukitafuta seshoni hapo, hupati kitu.

Fundi asiyejua hili huhangaika. Mwengine huamua kwamba malipo ya kwanza yanayoingia ni ya mtu wa mwisho aliyebonyeza lipa. Huo ni ule ubao wa pamoja tena. Wakilipa watu wawili kwa dakika moja, mmoja anapata bidhaa ya mwenzake.

Njia sahihi ni namba ya ombi. Kwenye Daraja, mlango ambao Safaricom imewafungulia mafundi wa nje kuunganisha tovuti zao na M-PESA, ukituma ombi la malipo unajibiwa papo hapo kwa namba inayoitwa CheckoutRequestID. Fundi aiandike namba hiyo papo hapo kwenye kumbukumbu za kudumu za oda, kando ya oda ya mteja huyu. Taarifa ya malipo inapokuja kwa geti la nyuma, imebeba namba ile ile. Seva inaitafuta, inajua ni oda gani, inaandika imelipwa. Wakati huo ukurasa wa mteja unauliza kila baada ya sekunde chache, "Bado?", ukionyesha beji yake, hadi seva iseme tayari.

Taarifa hiyo hubeba pia namba ya matokeo. Sifuri ni kwamba pesa zimelipwa. 1032 ni kwamba mteja mwenyewe amekataa ombi. 1037 ni kwamba simu haikupatikana ama haikujibu kwa wakati. 1 ni kwamba salio halikutosha. Tovuti yako isimwambie mteja "imeshindikana" kwa yote. Mwambie sababu, ajue afanye nini.

Na tahadhari moja. Geti la nyuma liko kwenye intaneti, mtu anayejua anwani yake anaweza kubisha akidai ameleta habari za malipo. Kabla hujatoa mzigo wa pesa nyingi, seva yako iulize kampuni ya malipo yenyewe kama ombi lenye namba ile limelipwa kweli. Usimwamini mbisha hodi kwa maneno yake.

"Mbona mnanitoa kila saa?"

Hili ndilo lalamiko tunalolipata kuliko mengine. Unaenda kumhudumia mteja dukani, ukirudi ukurasa umekutaka paswedi tena.

Tutakuambia ukweli. Zamani tulikuwa tunamwachia mtu dakika 15 bila kubonyeza kitu. Simu ya yule mzee ni mojawapo ya zilizotufanya tupunguze. Kurasa zinazohusu kutuma ama kuomba pesa sasa ni dakika 5. Kuna jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa usalama wa programu inayoitwa OWASP, na mwongozo wao unapendekeza dakika 2 hadi 5 kwa huduma nyeti, na 15 hadi 30 kwa zile za hatari ndogo. Tumechagua kukuudhi kidogo kuliko kuacha beji yako mezani.

Tunafanya na mengine usiyoyaona. Beji unayopewa kabla hujaingia na ile unayopewa baada ya kutia paswedi si moja, ili mtu aliyeiona ya kwanza asinufaike na ya pili. Beji haisafiri kwenye njia isiyofungwa kwa usiri. Mwaka 2010 fundi wa Marekani, Eric Butler, alitoa programu iitwayo Firesheep kuonyesha vile mtu aliyekaa kwenye Wi-Fi ya wazi alivyoweza kunyakua beji za wenzake na kuingia kwenye akaunti zao bila kujua paswedi yoyote. Tovuti nyingi zilizinduka baada ya hapo. Anwani inayoanza kwa https ndiyo inayokuambia njia imefungwa. Kwenye ukurasa wa pesa, usipoiona, usiandike kitu.

Ukiona jina si lako

Siku moja ukafungua akaunti ukakuta jina, salio ama malipo ya mtu mwengine, fanya hivi kwa utaratibu.

Usitume wala usiombe pesa. Usipekue pia, hata kama ni ndugu yako. Piga picha ya skrini na uandike saa.

Jiulize kama kuna aliyetumia kifaa hicho kabla yako. Bonyeza kitufe cha kutoka, kisha uingie upya kwa paswedi yako. Ukiona jina lako, basi ilikuwa beji iliyoachwa mezani, kama ya jirani. Mwambie mwenye jina atoke kwenye vifaa vyote, ama utupigie tumtoe sisi.

Lakini kama umeingia upya kwa paswedi yako, ama kwenye simu yako mwenyewe ambayo hakuna mwengine anayeigusa, na bado unaona habari za mtu mwengine, hilo si la kwako. Ni la kwetu, na tunataka kulijua sasa hivi, siyo kesho. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inatupa saa 72 tangu tujue kumfahamisha Kamishna wa Data pale habari za mtu zinapoonekana na asiyehusika na akawa hatarini kudhurika. Kwa hivyo usiogope kwamba unatusumbua. Na kama ni tovuti yako wewe ndiyo iliyofanya hivyo, ujue sheria hiyo inakuhusu wewe pia unayeweka habari za wateja.

Maswali ya kumuuliza fundi wako

Huhitaji kujua kuandika msimbo ili uulize maswali haya kabla hujamlipa.

Bei ya bidhaa inasomwa wapi wakati wa kulipa, kwenye ukurasa ama kwa seva? Jibu unalotaka ni kwa seva.

Nikibadilisha namba ya oda kwenye linki, nitaona oda ya mtu mwengine? Mwambie ajaribu mbele yako.

Taarifa ya malipo inapokuja, inajuaje ni ya oda gani? Akikujibu kwa namba ya ombi, tulia. Akikuambia "inaangalia ya mwisho," usimlipe bado.

Kitufe cha kutoka kinafuta beji kwenye brauza tu, ama kinafuta na mstari kitabuni? Unataka vyote viwili.

Tovuti ikikua ikawa na seva mbili, zitatumia kitabu kimoja? Zikiwa na vitabu viwili, mteja aliyepokelewa geti la kwanza atafukuzwa geti la pili, na kapu lake litapotea.

Umeijaribu na watu watatu kwa pamoja? Kama hajaijaribu, jaribuni leo, na nyinyi wenyewe muwepo.

Kuhusu yule mzee, alitoka kwenye akaunti ya jirani, akaingia kwa paswedi yake, akatuma ombi upya. Dereva alitia PIN, ujumbe ukaja kwa jina la duka la mzee, klachi ikapakiwa. Siku hizi, ametuambia, jirani akija kuazima kompyuta, mzee husimama nyuma yake hadi aone amebonyeza kutoka. Jirani alinuna siku ya kwanza. Ya pili, mzee akamweleza habari za soja na beji, akaelewa.